Vijiti Vinne vya Kumbukumbu

Julai 6

Kompyuta imekufa. Imekufa mchana huu, joto likiwa limejikalia juu ya paa la gereji kama limelipa kodi, na mimi nikiwa katikati ya kuhariri filamu ya Bi Lottie. Filamu yenyewe ni salama, iko kwenye diski za nje. Kompyuta ndiyo si ya kufufuka tena. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima, nami nikaipiga teke. Nimeumia kidole.

Sasa itanibidi nimwite Vazgen. Afadhali ningevunjika mguu mzima.

Julai 7

Vazgen amekuja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu Mihran, na tangu tumzike kaka yake anaingia kwangu bila kubisha hodi. Anaunda kompyuta za wahariri wa filamu hapa Burbank na kule Glendale, na ukimsikiliza utadhani hakuna fundi mwingine chini ya jua. Alikaa kwenye kiti cha Mihran, akamwaga mbegu za alizeti mezani pangu, akaanza kutafuna na kutema maganda ndani ya kikombe changu cha kahawa. Kikombe kilikuwa bado na kahawa.

"Shemeji, hii haikuwa kompyuta," akasema. "Hii ilikuwa jiko."

"Uliiunda wewe."

"Niliiunda kwa kazi za enzi zile. Wewe umeibebesha magunia ya leo. Hata punda hufa."

Nilimhitaji, na alilijua hilo, ndiyo maana alitafuna taratibu.

Julai 9

Tumegombana kutwa nzima juu ya vifaa. Prosesa tulikubaliana. Kadi ya picha tulikubaliana baada ya yeye kuniita mshamba na mimi kumwita mwizi. Diski tulikubaliana: moja ya kasi kwa kazi ya siku, mbili kubwa za kutunzia. Tulipofika kwenye kumbukumbu ndipo moto ulipowaka.

Vazgen hueleza kumbukumbu ya kompyuta kwa mfano uleule tangu nimjue. Diski ni stoo, kumbukumbu ni meza. Meza ikiwa ndogo, kutwa utakuwa unakwenda stoo na kurudi. Mfano ni mzuri, nakiri. Kinachonikera ni kwamba anautoa kama vile nimezaliwa jana, wakati nimekata filamu tangu yeye anauza kaseti.

"Boksi moja, vijiti viwili vikubwa, basi," akasema.

"Nataka vinne."

"Vya kazi gani?"

"Kip, mwongozaji wetu, anapiga picha kwa kamera tatu kwa pamoja. Sitaki kukaa nikitazama kile kiduara kinavyozunguka kwenye skrini."

"Sikiliza kwa makini maana sitarudia. Vijiti vya boksi moja vimepimwa pamoja kiwandani. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Ukinunua boksi la pili, hata liwe jina lilelile na rangi ileile, hao ni watoto wa kambo. Nyumba moja watakaa, lakini usiwakimbize."

"Basi nunua boksi moja lenye vinne."

"Halipo. Labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao Kip atakuwa ameshampa mhariri mwingine filamu."

"Basi chukua ile kumbukumbu inayojisahihisha yenyewe. Ikikosea, inajua imekosea, tofauti na watu wa nyumba hii. Ila inataka ubao mwingine wa ndani na prosesa nyingine."

"Yaani tuanze upya."

"Yaani tuanze upya."

"Vinne, Vazgen. Maboksi mawili. Leo."

Alipukuta maganda sakafuni, kusudi. "Haya. Gereji ni yako. Lakini nitaviendesha polepole, na usije ukanililia."

Julai 12

Mashine imesimama. Ni nzuri, feni zake hazisikiki. Ni ya polepole kuliko nilivyoahidiwa na tangazo la dukani. Nilimwambia. Alisema tangazo ni la ndugu wa tumbo moja, akaondoka na sahani yangu ya dolma, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali.

Julai 15

Joto. Nimekuta ganda la alizeti chini ya kitufe cha nafasi kwenye kibodi.

Julai 19

Kip amekuja na kahawa ya barafu, moja yake, moja yangu. Kip Lundgren ndiye mwongozaji wa filamu hii, na ndiye mwenye filamu. Ni kijana mtanashati, ananiita malkia, na ananiuliza habari za mgongo wangu kabla ya kuuliza habari za kazi. Laiti shemeji yangu angechukua somo.

Filamu yenyewe inamhusu Bi Lottie Hargrove, ana miaka themanini na minane. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Alianguka kutoka juu ya farasi, juu ya paa, juu ya ngazi, badala ya waigizaji wenye sura nzuri ambao hawakutakiwa kuumia. Hakuna anayelijua jina lake. Tumepewa nafasi kwenye tamasha la Oktoba, na filamu ni lazima iwe imekamilika. Siku hizi sifikiri kitu kingine. Nimekata filamu nyingi za watu wasiostahili kutazamwa. Huyu anastahili, na nataka niione imekamilika, kwa mkono wangu.

Kip alikaa akitazama mashine inavyopakia picha. "Malkia, hii mbona inasinzia? Vifaa vyote hivi vya bei mbaya, halafu inasinzia?"

"Muulize fundi," nikasema.

"Fundi wako anaogopa mashine yake mwenyewe."

Tulicheka. Ilikuwa raha kucheka na mtu juu ya Vazgen.

Julai 24

Nimetazama picha za wiki iliyopita. Bi Lottie yuko jikoni kwake, mbwa mzee miguuni, anaeleza namna wanavyotengeneza anguko. "Mwenye sura anasimama ukingoni, anapiga kelele. Mkato. Mimi naanguka. Mkato. Yeye anaamka, anajipangusa vumbi. Watu wanadhani ni mtu mmoja. Mimi maisha yangu yote nimekaa pale penye mkato, mwanangu, na pale hakuna anayekuona."

Niliirudia mara kadhaa. Kuna siku naipenda kazi hii.

Julai 28

Leo mashine imechangamka! Asubuhi Vazgen alipita kuchukua bisibisi yake. Mchana Kip alikaa humu gerejini akipiga simu zake, nami nikaenda kununua mkate wa lavashi na jibini. Niliporudi nikafungua kazi, na kila kitu kikaruka kama panzi. Vazgen amejirekebisha hatimaye, kimyakimya, bila kukiri kwamba nilikuwa sahihi. Ndivyo alivyo. Simpi asante.

Agosti 5

Kip alifika na kadi ya kamera mkononi, macho mekundu. Amemrekodi Bi Lottie asubuhi yote, peke yao wawili, kwa kamera moja tu.

"Ameongea," akasema. "Ameongea kuhusu Wilma."

Wilma alikuwa rafiki wa Bi Lottie, waliingia kazini pamoja. Miezi yote hii tumemuuliza habari zake na miezi yote amebadilisha mazungumzo. Leo amesema mwenyewe. Siku moja yeye aliamka na homa, Wilma akapanda farasi badala yake, akaanguka vibaya, akafa palepale mbele ya kamera. Na kampuni ikalitumia lile anguko. Limo kwenye filamu. Watu wamelitazama miaka yote hii wakila bisi.

"Amesema bila kusimama," Kip akaniambia. "Naitaka hivyohivyo. Mkato hata mmoja usiwepo. Watu wakae naye mpaka mwisho."

Nilinakili kadi kama tunavyonakili sote: inasomwa mara moja, inaandikwa kwenye diski mbili kwa pamoja, programu inalinganisha, na alama ya kijani ikitoka ndipo kadi inafutwa na kurudi kwenye kamera. Bila kijani, hakuna kufuta. Gereji ilikuwa tanuri, kiyoyozi kikinguruma bila faida. Kijani ikatoka. Nikatazama mwanzo, nikatazama mwisho, vyote safi. Nikafuta kadi. Kip akaondoka nayo, kesho anapiga picha za farasi.

Agosti 13

Bi Lottie amefariki usingizini. Mbwa amechukuliwa na jirani.

Sikufanya kazi leo. Nilichoma ubani, nikamwombea, ingawa hakuwa mtu wa dini yangu wala ya yeyote.

Agosti 16

Mashine imeganda mchana. Nimeizima, nimeiwasha.

Agosti 18

Imeganda tena, mchana tena. Asubuhi haina neno. Nimempigia Vazgen simu. "Niachie nipime kumbukumbu usiku kucha," akasema. Nikamwambia usiku nina kazi ya kutoa nakala ya kumwonyesha Kip. Akasema, "Basi endelea kuganda," akakata simu.

Agosti 19

Imeganda. Joto halipungui. Namchukia mtu huyu.

Agosti 22

Acha niandike yote.

Leo nimeanza kuitazama ile picha ya Wilma kwa ukamilifu, kuanzia mwanzo. Bi Lottie anaanza, anashika kikombe, anasema, "Ile asubuhi nilikuwa na homa." Ghafla nusu ya uso wake ikawa miraba ya kijani na waridi. Fremu moja tu, kufumba na kufumbua, halafu uso ukarudi. Nikadhani ni kadi ya picha. Nikarudisha nyuma. Miraba ipo palepale. Nikafungua nakala ya diski ya pili. Miraba ipo palepale, mraba kwa mraba.

Nikaendelea. Baada ya muda mfupi, nyingine. Halafu nyingine, inakata mdomo wake akitaja jina la Wilma. Zimetapakaa mpaka karibu na mwisho. Sauti ni nzima, kwa sababu ilirekodiwa kwenye kinasa cha peke yake na kunakiliwa kwenye kompyuta nyingine. Picha ndiyo imeliwa na mchwa.

Kadi nimeifuta kwa mkono wangu. Kamera imesharekodi juu yake, farasi na vumbi. Bi Lottie yuko kaburini.

Hakuna picha nyingine ya maneno yale popote duniani.

Agosti 23

Nilimwita Vazgen. Hata sikumwacha akae.

"Umeniua," nikamwambia. "Mashine yako imeniua."

"Shemeji, pumua kwanza."

"Uliipandisha spidi! Uliona nalalamika, ukaipandisha kimyakimya ili nikunyamazie, na sasa imeharibu kila kitu!"

"Mimi? Nimepandisha nini?"

"Julai ulipofuata bisibisi!"

"Nilifuata bisibisi, nikachukua bisibisi. Nani ameigusa hii mashine?"

"Hakuna aliyeigusa ila wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu ni wewe. Mihran angekuwa hai angekutoa kwa fimbo."

Alitoa ufunguo wangu kwenye mshipi wake, akauweka mezani, akazikusanya mbegu zake, zote, hata zile za chini.

"Kaka yangu," akasema, "aliniuliza kabla ya kunipiga. Kila mara."

Akaondoka. Na aende. Gereji imekuwa safi.

Agosti 30

Kip sijamwambia. Namwambia picha ya Wilma naiacha mwisho, kwa heshima. Anasema nina moyo wa msanii.

Septemba 3

Joto limezidi la Agosti. Mashine imeganda mara mbili.

Septemba 9

Leo Kip amekuja na mtayarishaji wake, mama mmoja mkavu aitwaye Gretchen, ambaye ndiye anayeshika mfuko. Walitaka kuona mahali kazi inapofanyika. Niliwapa kahawa ya kibirika na aprikoti kavu, yale matunda madogo ya njano. Gretchen akauliza kama kweli filamu kubwa namna hii inakatwa kwenye gereji.

"Usiidharau gereji," Kip akasema, akiipigapiga mashine mgongoni kama farasi. "Huyu mnyama ana nguvu. Ilikuwa imefungwa tu. Fundi wake aliiacha kwenye mwendo wa bibi kizee. Mimi mwenyewe niliingia kwenye mipangilio yake, malkia akiwa sokoni, nikafungua spidi ya kumbukumbu mpaka juu kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Dakika moja tu. Nyumbani kwangu ndivyo ninavyofanya kwa mashine yangu ya michezo."

Nilikiweka kibirika chini.

"Wewe?" nikasema.

"Mimi. Hukuona ilivyoamka?"

Akilini nilimwona Vazgen akiokota mbegu zake sakafuni. Nikamwomba Gretchen atupishe kidogo. Alitoka kwenda kuvuta sigara uani, nami nikafungua ile picha, nikaiacha icheze. "Ile asubuhi nilikuwa na homa." Miraba. Kip akainama. Miraba tena. Nikamwonyesha nakala ya pili. Nilimweleza kila kitu, na jinsi nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mweupe, akakaa kwenye kiti cha Mihran bila kualikwa.

Halafu akasema, kwa sauti ileile tamu, "Gretchen ana bima. Watu wa bima watauliza nani alikosea. Fundi si ndiye aliyechanganya maboksi mawili?"

"Ndiye. Kwa amri yangu. Na akaviwekea mwendo unaofaa."

"Hayo nani atayajua? Ukiulizwa, sema ni fundi. Bima italipa, filamu inabaki kwako, tunapata muda wa kutengeneza kipande hiki kwa michoro au kitu. Malkia, wewe si unamchukia yule mtu? Umeniambia mwenyewe. Kila wiki umeniambia."

Nilimwangalia. Kwa muda wote huu nilikuwa nauona uso wa mtu mwema. Ulikuwa uso mzuri tu.

"Namchukia," nikamwambia. "Namchukia kwa makosa yake. Ya kwako beba mwenyewe."

"Fikiria vizuri."

"Bi Lottie alianguka badala ya watu kwa hiari yake, na alilipwa. Vazgen hujamuuliza. Toka."

Alitoka. Nikamfuata mpaka uani, nikamwambia Gretchen yote, mbele ya Kip, kuanzia siku ya lavashi. Na amri yangu ya vijiti vinne pia nikaisema. Gretchen aliizima sigara yake kwenye chungu changu cha mrehani. Akasema diski zote zikabidhiwe kesho asubuhi, watatafuta nyumba nyingine ya kuhariri.

Basi filamu nimeikosa. Nimekaa hapa naandika na kiyoyozi kinanguruma.

Septemba 10

Wamechukua diski. Kip hakushuka garini.

Kilichobaki kwenye mashine ni nakala yangu ya kazi, na mezani kile kinasa chenye sauti ya Bi Lottie akimweleza Wilma, ambacho walikisahau kwa kuwa hawakujua ni nini. Nitawapelekea. Si leo.

Mchana nilikwenda Glendale kwa Vazgen. Alinifungulia mlango akiwa na fulana ya ndani, hakunikaribisha.

"Umekuja kunitukana au kuniomba?"

"Sijaamua," nikasema. Nikamwambia ni Kip. Nikamwambia na lile la bima, na nilichojibu. Alisikiliza akitafuna.

"Ulimwambia unanichukia?"

"Ndiyo."

"Mbele ya yule mama?"

"Hapana. Yeye nilimwambia tu hukukosea."

Alitema ganda moja pembeni mwa kiatu changu. Si juu ya kiatu, pembeni. "Mimi nilikwambia Julai," akasema. "Sitaki kuona mtu ananilaumu halafu anakuja na uso mrefu. Samahani iko wapi?"

"Samahani, Vazgen."

"Sijaisikia."

"Umeisikia sana, kichwa maji wewe."

Akaenda kuvaa shati.

Septemba 11

Amepima kumbukumbu. Skrini ilijaa mistari myekundu kabla kahawa haijachemka. Akaandika kwenye kipande cha lavashi, kwa kalamu yangu, namna nilivyodanganywa na alama ya kijani.

"Kadi ilisomwa mara moja tu. Ikapita kwenye kumbukumbu. Pale, kwa joto na kwa spidi ya mjinga yule, herufi ikawa inageuka hapa na pale. Kosa likaandikwa diski ya kwanza, likaandikwa diski ya pili. Programu ikalinganisha kosa na kosa, ikaona yanafanana, ikakupigia makofi. Nyie wahariri mna nakala mbili za kila kitu na meza moja ya kuzipitishia."

Kisha akavuta vijiti viwili, wale watoto wa kambo, akavirusha ndani ya pipa. Akarudisha mwendo wa chini. Mashine imekuwa nzito kama ng'ombe mjamzito na wala sijalalamika.

Septemba 14

Sina filamu lakini nina nakala. Nimeanza kukata. Sijui namkatia nani.

Septemba 15

Kila fremu iliyooza, hapo nakata. Anasema "Wilma" na uso unapasuka: naweka mikono yake ikizungusha kikombe, kutoka picha za Julai. Sauti inaendelea. Narudi usoni. Inapasuka tena: mbwa anainua kichwa. Kip aliitaka bila mkato hata mmoja. Sasa ni mikato mitupu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuificha.

Septemba 16

Mikono. Mbwa. Dirisha la jikoni. Mikono.

Septemba 19

Pepo kavu za Santa Ana zimeanza. Umeme ukazimika kidogo. Vazgen alikuja na betri kubwa ya akiba bila kuitwa, akaifunga, akala chakula changu, akasema dolma haina chumvi.

Septemba 25

Kuna mahali Bi Lottie ananyamaza kabla ya kusema kwamba walilitumia lile anguko. Ule ukimya ni mrefu na fremu zake karibu zote zimeoza. Sikuwa na cha kuweka. Mwishowe nikaweka kiti kitupu cha jikoni, ambacho Kip alikipiga kwa bahati mbaya akijaribu kamera. Nikakaa nikakitazama. Nikalia, kwa sauti, kama mtoto.

Septemba 29

Kip amerudi. Alisimama mlangoni na diski zote mikononi kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Nyumba mbili za kuhariri zimekataa. Ya kwanza ilisema kipande hakitengenezeki, ya pili ilisema kitupwe. Na Gretchen amemwambia hatoi ruhusa ya kukitupa, maana filamu bila Wilma ni bibi anayeanguka tu.

Hakuniita malkia.

"Una chochote?" akauliza.

Nikamwonyesha. Alitazama amesimama. Ilipofika kwenye kiti kitupu akaweka mkono mdomoni.

"Nilisema bila mkato," akasema mwishoni.

"Ulisema mengi. Filamu inarudi hapa. Mashine hii, mwendo huu. Ukigusa hata kitufe cha sauti nakukata mkono. Na jina la fundi linaandikwa mwishoni, kwa herufi sawa na zako."

"Fundi? Nani anaandika fundi wa kompyuta kwenye—"

"Wewe."

Aliziweka diski chini. Simpendi, na sitampenda tena. Lakini aliziweka chini taratibu.

Oktoba 4

Rangi. Sauti. Joto linapungua jioni.

Oktoba 9

Imekamilika. Mashine haikuganda hata mara moja. Sitamwambia Vazgen.

Oktoba 14

Filamu imeonyeshwa leo mchana, ukumbi mdogo, umejaa. Nje mawingu ya kwanza tangu masika. Kip aliketi mbele na Gretchen, alinisalimu kwa kichwa, nikamsalimu kwa kichwa, imetosha. Vazgen alikaa karibu nami na suti ya mazishi ya kaka yake. Nilimkataza kuja na mbegu. Alikuja nazo mfukoni, nikasikia zinavyogongana kila alipopumua.

Kilipofika kile kipande, mimi sikutazama skrini. Nilimtazama yeye. Nilijua kila fremu iliyooza iko wapi, nikawa nazihesabu kimoyomoyo zikipita chini ya mikono, chini ya mbwa, chini ya dirisha. Vazgen hakupepesa. Kwenye kiti kitupu aliacha kupumua, mbegu zikanyamaza. Nyuma yetu mtu alikuwa akivuta kamasi.

Taa zilipowaka, majina bado yanapanda. Jina lake likapita: Vazgen Tashjian, fundi wa mashine. Hakuliona. Alikuwa ameinama kwangu na uso umelowa, ananong'ona kwa hasira.

"Shemeji, nimekodoa macho mwanzo mpaka mwisho. Palipoharibika ni wapi?"

"Kote."

"Mimi sikupaona."

"Ndiyo kazi yangu, mpumbavu wewe," nikamwambia, nikampa leso.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza. Akatema ganda barabarani, akaniambia niendeshe polepole.